Geji Mbili za Haisi ya Jovin

Jioni ile nilipanda Kibosho kwa kazi ndogo tu. Kufunga geji mbili kwenye Haisi ya zamani, moja ya presha ya oili, nyingine ya joto la injini. Nilipakia boksi la geji, sensa zake, waya, spana na tochi kwenye Korola yangu, huku nikiwaza kwamba nikishuka nitapitia maziwa kwa dada.

Naitwa Aikaeli. Ni fundi umeme wa magari, na karakana yangu ipo Pasua, Moshi mjini. Aliyeniita alikuwa baba mmoja wa Kibosho anaitwa Melkior. Nilikuwa simfahamu. Alipata namba yangu kwa watu.

"Gari linachemka," aliniambia kwenye simu. "Nimebadilisha rejeta. Nimebadilisha pampu ya maji. Themostati nimeing'oa kabisa. Bado linachemka. Sasa nataka nione kwa macho yangu kinachoendelea humo ndani."

"Si ulilete mjini, baba?"

"Halishuki," akasema. "Njoo wewe."

Nilifika jua likizama. Ilikuwa masika na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Kihamba chake, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kilikuwa kizuri, kahawa na ndizi zimefuatana mpaka chini kwenye mfereji, lakini nyumba ilikuwa kimya. Hakuna mke, hakuna mtoto, hata mbwa sikumsikia. Haisi nyeupe ilikuwa uani, ubavu wake mmoja umenyooshwa na kupakwa rangi isiyofanana na ile ya zamani. Niliona mara moja kwamba lile gari liliwahi kuanguka na kulala ubavu.

Melkior alikuwa amekaa barazani, mbali na gari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lile pale. Fanya tu."

Hakusogea. Aliponinyooshea mkono kunionyesha, nikaona kiganja chake. Kilikuwa na malengelenge mapya, mekundu, ngozi imevimba kama ya mtu aliyeshika sufuria jikoni.

"Umeungua, baba?"

"Linaniunguza," alisema. Akaingiza mkono mfukoni.

Kwenye zile Haisi za zamani injini ipo chini ya siti za mbele. Dereva anaikalia. Nilifungua mlango, nikainua siti, na harufu ikanipiga usoni. Oili iliyoungua, hiyo naijua. Lakini ndani yake kulikuwa na harufu nyingine... kama ya nywele zilizokaribia moto.

Niligusa injini kabla ya kuanza. Ilikuwa baridi. Nikaanza.

Kazi yenyewe haina maajabu. Unafungua swichi ya taa ya oili kwenye injini, unaweka kiungo chenye matundu mawili ili taa ya zamani na geji mpya zote zifanye kazi. Sensa ya joto unaiweka kwenye mpira wa juu wa rejeta. Halafu unapitisha waya mpaka kwenye dashibodi. Nilipofika kwenye swichi ya oili nikakuta haina waya.

Niliufuata waya ulikotakiwa kutoka. Nikaukuta nyuma, umefichwa ndani ya fungu la waya nyingine. Haukuwa umechomoka wala kuliwa na panya. Ulikuwa umekatwa kwa koleo. Pembeni yake kulikuwa na waya wa taa ya joto, nao umekatwa vilevile. Ncha zote mbili zilikuwa zimekunjwa kurudi nyuma, zikafungwa kwa uzi wa kiroba, kisha zikazungushiwa tepu nyeusi.

Moshi nzima kuna fundi mmoja tu anayefunga uzi wa kiroba chini ya tepu. Ni mzee Filemon. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi nikiwa binti mdogo nisiyejua chanya wala hasi. Nilikuwa nimeona fundo lile maelfu ya mara.

Nilitoka chini ya dashibodi, nikamwuliza Melkior kwa sauti ya kawaida, "Baba, hili gari ulilinunua kwa nani?"

"Lilikuwa la mdogo wangu. Jovin. Alikufa nalo."

"Pole sana."

Nilitaka kuondoka. Nasema kweli. Lakini giza lilikuwa linaingia, kazi ilikuwa nusu, na nilijiambia kwamba mambo ya ukoo wa watu hayanihusu. Nikamaliza. Nikafunga geji zote mbili chini ya dashibodi, nikachukua umeme wake kwenye fyuzi ya swichi, yaani ufunguo ukitoka, geji zinakufa. Nikawasha gari.

Liliwaka vizuri. Presha ya oili ilikuwa safi. Mshale wa joto ulipanda taratibu, kidogo tu, haujafika hata mahali pa kawaida pa kazi. Nilimwita aje aone. Akaja kwa kusita, akachungulia dirishani, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Kumbe halina kitu," alinong'ona. "Kumbe ni mawazo yangu."

"Halina kitu, baba."

Nikazima. Nikachomoa ufunguo, nikampa mkononi. Mishale yote miwili ikalala.

Nilikuwa nakusanya spana zangu nilipousikia mlio.

Tik.

Mlio mdogo, wa mshale wa geji ukigonga kizuizi chake. Nikageuza tochi. Mshale wa presha ya oili ulikuwa unapanda. Injini imezimwa, ufunguo upo mkononi mwa Melkior. Ukapanda mpaka katikati. Ukashuka mpaka chini. Ukapanda tena.

Ukashuka.

Kama kifua cha mtu anayehema.

Nilidhani nimekosea waya. Nikakimbilia betri, nikang'oa nyaya zote mbili. Niliporudi, mshale bado ulikuwa unahema, na sasa ulikuwa unahema haraka. Na ule wa joto ulikuwa umeanza safari. Ulipanda bila kusimama, ukapita alama ya kijani, ukaingia kwenye nyekundu.

"Baba Melkior," nilinong'ona. "Turudi nyuma."

Hakunisikia. Alikuwa ameganda, macho yamemtoka, anatazama siti ya dereva.

Ko. Ko. Ko.

Mtu alikuwa anagonga kioo. Kwa ndani.

Ndani hamkuwa na mtu. Mimi ndiye niliyetoka humo. Nilimulika tochi, nikaona siti tupu na mwanga wa tochi yangu mwenyewe kwenye kioo. Kisha kioo kikaanza kuingia ukungu. Mvuke ukatanda kutoka chini, polepole, mpaka siti haikuonekana tena.

Ndipo nikaisikia sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamume, imekauka, inatoka chini, pale injini ilipo.

"Kaka... nifungulie."

Melkior alipiga magoti kwenye matope.

"Ni yeye," alisema. Kisha maneno yakamtoka kwa kunong'ona, bila kuulizwa, kana kwamba mtu anayavuta kwa kamba. "Nilitaka gari life. Gari tu. Nilimlegezea nati ya oili. Taa za onyo zikakatwa ili asijue. Baba alimpa kihamba chote kwa sababu ndiye mtoto wa mwisho... Mimi nikapewa ukingo wa korongo. Nilitaka nimwone anatembea kwa miguu kama mimi. Lakini oili iliisha, injini ikakwama kwenye mteremko, breki zikawa ngumu, likalala ubavu. Maji ya rejeta yakamchemkia palepale kwenye siti. Aliniita. Watu walikuja kumtoa, nikawazuia. Niliwaambia litalipuka."

"Kaka."

Ko. Ko. Ko.

"Kaka, nifungulie."

Nilimshika Melkior begani, nikamvuta. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote, na mimi si mwanamke mwepesi. Alinitoka mkononi kama vile sikumshika. Akainuka, akaenda mpaka kwenye mlango. Kiganja chake kilipogusa kitasa nilisikia ngozi ikilia kama nyama kwenye kikaango, lakini hakukiachia.

"Nakuja, Jovin," alisema. "Nakuja sasa."

Akafungua.

Mvuke ulimmeza. Nilisikia mlango ukijifunga. Kisha nikasikia sauti ya kugonga tena, na safari hii vilikuwa viganja viwili, vya mtu aliye hai, na sauti yake ilikuwa inapanda juu, juu, mpaka haikuwa tena sauti ya mtu. Nilivuta kitasa. Kilikuwa baridi kabisa. Kiliganda. Nilichukua spana kubwa nikapiga kioo, spana ikarudi.

Halafu kimya.

Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu.

Majirani walikuja kwa kelele zangu. Walimkuta Melkior amekaa kwenye siti ya dereva. Sitaeleza uso wake. Polisi walikuja, wakaandika kwamba mfuniko wa rejeta ulifyatuka ukamwagia marehemu maji ya moto. Nilitia sahihi. Ningewaambia nini? Lakini kabla hawajafika nilikuwa nimepeleka mkono wangu chini ya siti ya pembeni, nikagusa injini. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Na maji ya rejeta yalikuwa yamejaa, hayajapungua hata tone.

Msibani wanawake walikuwa na jibu lao. Walilisema huku wanamenya ndizi, sauti zimeshushwa. Walisema ni Flavia. Flavia ni mjane wa Jovin, mwenyeji wa Tarakea kule Rombo, ambaye Melkior alimfukuza kihambani na mtoto mgongoni kabla udongo wa kaburi haujakauka. Walisema amevunja chungu. Kwetu uchagani ukisikia mtu amevunja chungu usiulize mara mbili. Maana yake amemtaja adui yake akakipasua chungu kwa laana, na laana hiyo haiishii kwa mtu mmoja. Inatembea na kila aliyetia mkono.

Kila aliyetia mkono.

Nilitoka msibani nikaenda moja kwa moja kwa mzee Filemon. Nilimkuta nje ya nyumba yake, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo?"

"Nimeona fundo lako, mzee. Kwenye Haisi ya Jovin."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Nilimwona anatafuta uongo, akaukosa.

"Jovin alinitukana," alisema mwishowe, chini kwa chini. "Kilabuni, mbele ya watu wazima. Alinivua kofia akaitupa kwenye mbege, akasema mimi ni mlevi, mikono yangu haifai hata kubadilisha balbu. Watu wakacheka. Melkior alipokuja kuniomba nikate zile taa, sikumwuliza anataka kufanya nini." Akanitazama. "Nilijua, Aikaeli. Sikumwuliza kwa sababu nilijua."

"Melkior amekufa."

"Nimesikia."

"Alijifungulia mlango mwenyewe. Nilikuwepo."

Nikamweleza yote. Alipomaliza kunisikiliza, ungo ulikuwa umemwagika na hakuuona. Aliomba kitu kimoja tu. Nimpeleke Tarakea kwa Flavia, akampe isale.

Isale ni jani refu la kijani, lile tunalopanda mipakani na makaburini. Mtu akikuletea isale ameleta shingo yake. Ukilipokea, umesamehe. Hata ugomvi wa damu huwa unakaa chini mbele ya jani hilo. Nilikuwa na hasira naye, maana mikono iliyofunga lile fundo ndiyo iliyonipa mkate. Lakini nilimpeleka.

Flavia tulimkuta nyumbani kwake mchana, ametoka kuuza vitunguu sokoni. Ni mwanamke mrefu, mkimya, kitenge amekifunga vizuri. Mtoto wake wa kiume alikuwa anacheza na kipande cha tairi uani. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni nani, kisha nikakaa pembeni.

Mzee Filemon alipiga magoti sakafuni, mzee wa mvi, akanyoosha isale kwa mikono miwili. Alisema kila kitu. Hakujitetea. Hata kofia hakuitaja.

Flavia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulimsikia akilia?" aliuliza.

"Sikuwepo, mama."

"Mimi nilikuwepo. Nilifika nikikimbia. Melkior alinikumbatia kwa nyuma, akanishika mikono. Watu walidhani ananiokoa. Nilimwona mume wangu kwenye kioo mpaka kioo kikawa cheupe." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Siku niliyoambiwa Melkior amekufa nilipika pilau. Nilichinja kuku. Mwanangu akaniuliza, mama, leo ni Krismasi? Nikamwambia ndiyo."

Nje mtoto alikuwa anacheka peke yake.

Kisha Flavia akainama, akachukua jani.

"Nimepokea," akasema.

Mzee Filemon alilia. Alilia kama mtoto, paji la uso limegusa sakafu. "Asante, mama. Asante, mwanangu. Basi na kile chungu... kazikeni vipande, mama. Nitaleta mbuzi, nitaleta chochote wazee watakachosema. Vizikwe tu, yaishe."

"Chungu gani?"

"Ulichovunja, mama."

Flavia alinitazama mimi, kisha akamrudia yeye.

"Sijavunja chungu, mzee."

"Lakini Kibosho nzima wanasema..."

"Nilikwenda kwa mvunja chungu. Kweli nilikwenda. Nilifika mpaka mlangoni kwake, nikageuka. Huyu mtoto ni damu ileile ya Melkior. Laana ya chungu haichagui, ingemrudia mwanangu." Akaliweka isale juu ya meza, taratibu, kama mtu anayelaza kitu kilicholala. "Mimi nimekusamehe. Kwa upande wangu yameisha. Nenda na amani."

"Basi ni nani?" Mzee Filemon alinong'ona. "Kama si wewe, ni nani aliyemfuata Melkior?"

Flavia alisimama, akaenda mlangoni, akamwita mtoto aingie ndani.

Tulikuwa tumeanza kushuka kutoka Rombo, jua bado lipo, pembeni watu wanachoma mahindi, nilipomwona mzee Filemon ananyanyua miguu yake kutoka sakafuni mwa gari. Akaikunja juu ya siti kama mtu aliyeona nyoka.

"Simama," alisema.

"Kuna nini, mzee?"

"Husikii?"

Nilipunguza mwendo, nikasikiliza. Nilisikia injini yangu tu, Korola yangu ya kila siku.

"Sisikii kitu."

"Anaomba afunguliwe." Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni. "Simama, Aikaeli! Nishushe!"

Nilisimama. Alitoka kabla gari halijatulia, akaanza kutembea. Nilimfuata kwa mwendo wa pole nikimsihi kupitia dirisha, nikamwambia ni mbali, nikamwambia giza litamkuta njiani. Hakunitazama. Alinipungia mkono kwamba niende, niende tu. Alifika Moshi siku iliyofuata, miguu imechubuka.

Tangu hapo mzee Filemon hajapanda gari. Si gari, si pikipiki, hata mkokoteni haukaribii. Kanisani anakwenda kwa miguu, hospitali kwa miguu. Padri amemwombea, mchungaji wa kwetu amemwombea pia. Amekonda, lakini mwili wake unafanya kazi. Anakula. Anaongea vizuri. Ukikaa naye mchana huwezi kujua kitu.

Lakini jana jioni nilimwona kwenye njia ya vumbi ile inayotoka kwake kuja karakana yangu. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo, nafunga karakana. Alikuwa anatembea polepole na fimbo yake, upande wa mtaro. Hapakuwa na mtu mwingine njiani. Mara akasimama, akageuza shingo nyuma, kisha akasogea pembeni haraka na kubana fimbo kifuani, kama unavyofanya ukimpisha dereva anayekuja kwa kasi.

Barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa hata na baiskeli.

Alisubiri kidogo. Akatembea tena, akasimama tena. Akapisha tena.

Nilimwita. Hakugeuka. Kila aliposimama kupisha alikuwa anarudi nyuma zaidi, na visigino vyake vilikuwa vimekwisha kufika ukingoni mwa mtaro, pale penye kina. Nikaacha kufuli mlangoni, nikaanza kukimbia.

Na nilipomkaribia, katikati ya barabara ile isiyo na kitu, nilipita kwenye upepo wa moto, unanuka oili iliyoungua na nywele.